Refa, Jua na Mtoto wa Siri

2 Juni

Baba na Mama, shikamooni.

Natumaini Chiriku na Donge wamefika salama. Kondakta aliniapia kwamba atawashusha mbele ya mlango wenu, na kwa jinsi Chiriku anavyoongea, nadhani alifurahi kuwashusha. Kwa kuwa simu yenu imeingia kwenye ndoo ya kufulia (Baba, hujanieleza iliingiaje), tutaandikiana kwa basi kama zamani. Mimi huku kliniki ya macho likizo sina, na baba yao bado yuko barabarani na lori lake.

Sasa kuna jambo. Jumamosi ya tarehe 14 jua litapatwa. Mwezi utapita kati yetu na jua na kulifunika sehemu kubwa, ila si lote. Chiriku hana habari nyingine mdomoni, na nimemwahidi kuwa mtajiandaa pamoja naye. Mnaweza kuanza na taa, chungwa na ndimu: taa ndiyo jua, chungwa dunia, ndimu mwezi. Zimeni taa nyingine zote, mpitishe ndimu mbele ya taa, muone kivuli kinavyoliangukia chungwa. Halafu chukueni boksi la viatu, mtoboe tundu la sindano upande mmoja na kubandika karatasi nyeupe upande wa pili kwa ndani. Mtu analipa jua mgongo, anachungulia ndani, na jua linajichora kwenye karatasi, dogo kama punje. Hata chujio la jikoni linafaa: siku yenyewe kila tundu litamwaga chini kijua kilichomegwa.

Baba, uongozi nakukabidhi wewe. Umetuliza wanaume wazima uwanjani, watoto wawili hawakushindi. Sheria ni moja: mtu asilitazame jua kwa macho matupu, hata kwa kuibia. Miwani ya kawaida ya jua haifai, picha ya eksirei haifai, kioo kilichopakwa masizi hakifai. Jicho huungua kimyakimya, haliumi, mtu anakuja kushtuka kesho yake ameona doa jeusi katikati ya kila kitu. Nimefunga humo miwani maalumu. Na kwa kuwa jua halitafunikwa lote, hakuna wakati wa kuivua mpaka mwezi umeondoka kabisa.

Binti yenu

5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Namtamkia Chiriku aandike kwa sababu mkono wangu wa kulia umeingia ganzi. (Mama, mkono ni mzima. Leo asubuhi amembeba Donge kwa mkono huo huo.)

Mazoezi yameanza. Nimetoa filimbi yangu na kadi zangu kabatini, nidhamu ipo. Tuliwasha taa, mama yako akashika chungwa, Donge akapewa ndimu. Nikampigia filimbi aizungushe. Akaila. (Aliilamba tu, ndiyo akalia.) Kwa hiyo siku ya kwanza mwezi uliliwa, ikabidi tuahirishe mchezo.

Siku ya pili tulitengeneza boksi. Nimetoa viatu vyangu vya uwanjani ambavyo hukaa humo tangu nistaafu. Watoto wakachungulia, wakaanza kupiga kelele, nimeliona, nimeliona! Mimi nikachungulia. Hakuna kitu. Karatasi tupu. Mwanangu, nimechezesha mpira maisha yangu yote, mchezaji anayejiangusha namjua. Wanasema wameona ili kukufurahisha wewe. (Tuliliona kweli. Lilikuwa dogo na duara. Babu amenipa kadi ya njano kwa kubishana.)

Na hiyo miwani uliyoleta ni mbovu. Nimeivaa nikaelekea jua, giza tupu, nikagonga ndoo. Warudishie waliokuuzia. Mimi jua naliangalia kila asubuhi nikitoka kupiga mswaki, na halijanifanya kitu. Wewe fanya kazi yako kwa amani, huku mambo yanakwenda.

Baba yako, Refa
Mwandishi: Chiriku

5 Juni pia

Mama yangu mpenzi,

Hii naandika mwenyewe na hakuna aliyeniambia. Nimeificha ndani ya soksi ya Donge, nimempa kondakta akuletee.

Babu ana mtoto mwingine.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, sikuwa nasikiliza, nilikuwa nimesimama tu. Bibi akasema, "Huyo mtoto utamficha mpaka lini? Mimi nimechoka kukusaidia kumficha." Babu akasema, "Sema polepole, wajukuu watasikia." Bibi akasema, "Siku moja watu wote watajua, utaaibika mbele ya mtaa mzima." Babu akajibu, "Ni wangu, nitakufa naye." Halafu akatoka kwa hasira akagonga mlango kwa bega, ingawa ulikuwa wazi.

Mama, ni mjomba wangu au mama yangu mdogo? Ana umri gani? Kama ni mdogo kuliko Donge, Donge bado atalala kwenye kitanda au atahamia mkekani? Donge nimemwambia, lakini ameapa kwamba hatasema, na kweli hajasema, kwa sababu alikuwa anakula.

Chiriku wako

7 Juni

Mama, shikamoo.

Barua hii isome ukiwa peke yako.

Nimejua habari za mtoto. Usiniulize nani kaniambia. Jana nzima nimefanya kazi kama mtu aliyepigwa na ubao. Nimemtia mgonjwa dawa kwenye jicho lisilohusika, mpaka daktari akaniuliza kama nimelala. Miaka yote hii najijua ni mtoto wenu wa pekee, najivunia kabisa, kumbe tuko wengi.

Wewe uko vipi, Mama? Umelijua tangu lini? Umelivumilia vipi, na tabasamu lako lile lile kila ninapokuja? Nakuomba unieleze ukweli wote, mimi ni mtu mzima.

Kuhusu miwani, mwambie Baba haina kasoro. Imetengenezwa hivyo: ukiivaa hutakiwi kuona kitu chochote isipokuwa jua lenyewe. Na aache mara moja huo mtindo wa kulitazama jua asubuhi. Mwanamume mwenye siri kubwa hivyo asijiongezee na hasara ya macho.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Afadhali umejua, mzigo umenishuka. Sitaandika mengi kwa sababu Chiriku anasoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata ya kufungia sukari.

Ni kweli. Mimi nilianza kumshuku mwaka jana. Nikamuuliza baba yako, akaruka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Na si mmoja, mwanangu. Wako wawili. Mmoja mkubwa, ameshakomaa kabisa. Wa pili ndiyo kwanza anaanza, ila anakua haraka.

Nimemwambia twende huko kwako tuwashughulikie, hataki. Anasema watu watamcheka. Anasema jambo hili hili ndilo walilokuwa wakimzomea uwanjani kila Jumapili, sasa leo akalikubali hadharani? Hata Fundi Cherehani jirani yetu alikuwa naye mmoja, akamtoa, na sasa hivi anashona kama kijana. Baba yako anamwona pale kila siku na bado kichwa kigumu.

Mimi nasema dawa ni kuwatoa tu, mmoja mmoja. Huko kwenu mna wataalamu. Nisaidie kumshawishi, wewe anakusikiliza.

Mama yako

10 Juni

Baba, shikamoo.

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Mama amenieleza yote. Najua wako wawili.

Sikuhukumu. Yaliyopita yamepita. Lakini hilo la kuwatoa, Baba, silikubali hata kidogo, na Mama nimemshangaa sana. Nimesikia hata Fundi Cherehani alimtoa wake, na eti anajisifu. Wewe usiwatoe. Wana kosa gani? Ni damu yetu. Ulikuwa nao muda wote huo, sasa ndiyo uwatupe? Wabaki. Kama Mama hawataki hapo nyumbani, waje kwangu, nitawalea mimi.

Kwenye kifurushi hiki kuna mashati mawili, moja la mkubwa na moja la mdogo. Vipimo nimekisia. Pia nimeongeza miwani mbili kwa ajili yao. Jumamosi usiwafiche. Watoke nao waangalie jua pamoja na wenzao, mbele ya watu wote.

Na wewe mwenyewe Baba, tafadhali, usitazame bila miwani. Kama boksi hulipendi, kuna njia nyingine. Chukueni kioo kidogo, mkifunike kwa karatasi yenye tundu dogo kama kifungo cha shati, mkiweke juani kielekee kwenye chumba chenye giza. Mwanga utaruka mpaka ukutani na jua litatokea pale, kubwa kama kisosi. Mtazame ukuta tu, mtu asiinamie kioo.

Binti yako anayekupenda

12 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimesomewa, nikaomba nisomewe tena, kwa maana nilidhani Chiriku anaongeza chumvi. (Sikuongeza kitu.)

Sawa. Umejua. Ninao, sikatai. Na nimefarijika sana, kwa sababu mama yako amenipigia kelele mwaka mzima kwamba lazima watolewe, kumbe wewe mwenyewe muuguzi, uliyesomea, unasema wabaki. Nimemwambia akae asomewe. Amekaa, amesomewa, ameshika kichwa, mpaka sasa hajakiachia. Anasema hakukusomesha ili uje useme hivyo.

Ila mengine sijayaelewa. Unasema waje kwako uwalee. Watakujaje bila mimi? Mimi na wao hatuachani, nikilala wamelala. Na haya mashati mawili ya nini? Moja halinipiti hata kichwani. Miwani mbili zaidi nazo za nini, wakati hata hiyo moja sioni faida yake?

Wewe unafanya kazi sana. Omba likizo.

Jumamosi tutakuwa kiwanja cha shule, mtaa mzima umealikwa. Mimi ndiye mwamuzi. Asiyevaa miwani atatolewa nje.

Baba yako, Refa

(Mama, nimewatafuta chini ya kitanda, stoo, na nyuma ya pipa la maji. Hawapo. Donge anasema labda ni wembamba sana.)

15 Juni

Mama, shikamoo!

Kaa chini kwanza.

Jana watu walijaa kiwanjani. Babu alivaa nguo zake nyeusi za refa, tumbo likamshinda kidogo. Tulikuwa na maboksi, na chujio la Bibi, na miwani tukawa tunapokezana kwa filimbi. Mwezi ulipoanza kulimega jua kila mtu akasema aah. Bibi akashika chujio juu ya kanga yake nyeupe, tukaona vijua vingi sana, vimekatwa kama vipande vya kucha. Donge akajaribu kuviokota.

Babu alikuwa anazunguka na kadi. Akampa kadi ya njano mwalimu mkuu, aliyekuwa amevua miwani ajikune. Halafu akaangalia kule pembeni, kwenye duka la Fundi Cherehani, akasema kwa sauti, "Wewe mwenye shati jeupe! Miwani yako iko wapi?"

Mtu hakujibu.

Babu akasogea hatua kadhaa, akamwonyesha kadi ya njano. "Nakuuliza kwa heshima. Geuka, usitazame juu!"

Yule mtu hakugeuka.

"Unanidharau? Mbele ya wajukuu zangu?" Akatoa nyekundu, akapuliza filimbi mpaka mbwa wakakimbia, akaenda akamshika mkono kumtoa uwanjani. Mkono ukatoka. Wote, mpaka begani.

Babu akabaki ameushika. Akapiga kelele, "Jamani, nimemvunja mtu! Njooni, nimemvunja mtu!"

Mama, lilikuwa lile sanamu la mbao la Fundi, analolivalisha nguo za wateja.

Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mtu mmoja akapiga kelele kama za uwanjani, "Refa kipofu!" Na wengine wakaitikia. Babu akaweka ule mkono chini polepole, kama mtoto mchanga. Hakumpa mtu kadi. Akakaa kwenye ngazi ya duka akainamisha kichwa. Mimi nilitaka kulia, Donge alianza kabla yangu.

Halafu nikakumbuka kioo. Nikamwambia Fundi tunaomba duka lako. Akafunga madirisha, tukaweka kioo cha Bibi nje kwenye kiti, na karatasi yake yenye tundu, tukakigeuza mpaka mwanga ukaingia mlangoni ukafika ukuta wa ndani. Donge akamvuta Babu kwa mkono. Babu akasogea ukutani mpaka pua ikakaribia kugusa. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akaweka kidole palepale penyewe na kusema, "Limeliwa hapa. Upande huu. Eti, Donge? Ni upande huu?"

Donge akasema, "Ndiyo, Babu."

Babu akasema, "Nimeliona. Mwambieni mama yenu nimeliona." Akanishika bega akaniambia, "Chiriku, lile boksi lenu lilikuwa sawa. Mimi ndiye siko sawa. Nimekupa kadi ya uongo."

Nikaona kwa kuwa anasema ukweli, basi niulize. Nikasema, "Babu, na wale watoto wako wawili, mbona hawakuja kuangalia jua? Mama kawanunulia na mashati."

Duka zima likanigeukia. Babu akasema, "Watoto gani?" Nikasema, "Wale unaowaficha." Bibi akaangalia Babu, Babu akaelekea alipodhani Bibi amesimama. Halafu Fundi akaanza kucheka, akacheka mpaka akauegemea ukuta akalifunika jua lote. Sasa anaandika Bibi.

Chiriku

Mwanangu,

Mtoto wa JICHO. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uone huko uliko, kliniki ya macho. Wawili, kulia na kushoto. Wewe ulidhani baba yako, ambaye hawezi kununua vitunguu bila mtaa mzima kujua, amelea familia nyingine kwa siri? Na mimi nawapikia?

Na ukamwambia asiwatoe! Mwaka mzima nimembembeleza, wewe kwa barua moja umenirudisha nyuma, na mashati juu.

Ila amekubali. Jana jioni alikaa barazani akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, "Mke wangu, sikuoni." Nikamwambia najua. Akasema hakuogopa kisu, aliogopa wale wa uwanjani kusikia kwamba walikuwa na haki. Nikamwambia wameshasikia, na wameshaenda kula.

Jumatano anapanda basi. Mpokee kituoni, mshike mkono, na usimruhusu kubishana na kondakta.

Mama yako

17 Juni

Baba, shikamoo.

Naandika na uso umeniwaka. Neno "mtoto wa jicho" nalitamka kila siku kabla hata sijanywa chai. Nimewashika mikono wazee kwa mamia nikiwaambia usiogope, huyu mtoto anatoka bila maumivu, utarudi nyumbani unaona. Halafu wa baba yangu mwenyewe nimemnunulia shati.

Nilikuwa na kila dalili mbele yangu. Ndoo. Mkono wenye ganzi. Boksi lisiloonyesha kitu. Kama ungekuwa mgonjwa wa mtu mwingine ningekujua kwa mstari wa pili. Nimemsimulia daktari, ametoka nje ya chumba kwenda kucheka, akarudi, akatoka tena.

Ushauri wangu wa tarehe 10 naufuta wote, Baba. Watolewe. Wakubwa kwa wadogo. Daktari ataanza na jicho la kulia. Na kwa kuwa umekuwa ukilitazama jua asubuhi, ataangalia pia kama kuna mahali palipoungua. Omba Mungu pasiwepo.

Nitakuwa kituoni. Nitavaa gauni la njano. Ukiona kitu cha njano kinakuja mbio, usikipe kadi, ni mimi.

Binti yako wa pekee

26 Juni

Mke wangu,

Hii naandika mwenyewe. Usihangaike na mistari inayopanda mlima, nimekatazwa kuinama, nimeiweka karatasi ukutani.

Bandeji wameitoa jana. Daktari anasema ndani hapajaungua, nina bahati ambayo sikuistahili, na kwamba nikilitazama jua tena atakuja nyumbani kunipiga mwenyewe. Jicho la kushoto tutarudi baadaye. Kumbe daktari ni kijana kabisa. Kwa ile sauti nilidhani ni mzee mwenzangu, nikawa namwambia siri zangu za magoti.

Rangi zimerudi kwa fujo. Ukuta wa hapa ni wa buluu, mimi siku zote nilikuwa nasema kijivu, na muuguzi wa usiku ananiitikia tu. Bafuni nilikutana na mzee mmoja dirishani ananikodolea macho, nikamwambia habari za asubuhi. Lilikuwa si dirisha. Sikujua nimefika huko, mke wangu. Ungeniambia.

Binti yetu alikuja na uji. Akakaa pale kwenye mwanga akaanza kunicheka kwa sababu nilikuwa namkodolea macho. Ana mvi. Hapa, juu ya sikio, na nyingine mbele. Sauti yake ni ile ile, basi mimi kichwani nilimwacha vile vile, msichana aliyeondoka na begi lake. Nimemuuliza zimeanza lini. Akasema zamani kidogo, Baba. Nikamshika kichwa, nikawa namtazama tu, uji ukapoa.

Ndipo nilipojaribu kukumbuka sura yako. Nimejaribu usiku kucha. Inayonijia ni ya siku nyingi, kabla hatujahamia nyumba hii. Ya sasa siijui. Nimeishi nawe kwa kusikia ndara zako na kikohozi chako cha kunionya kwamba kuna ngazi.

Kesho napanda basi la asubuhi. Wajukuu wapeleke kwa Fundi kidogo, wasinirukie mlangoni. Usiende sokoni, usipike kitu, usivae nguo ya kutokea. Kaa tu barazani, upande wenye mwanga, nikifika usiseme neno kwanza.

Mumeo